Boma Limerudishwa kwa Wananchi

Katika nchi ya Ridhaa, ambako hajapata kuonekana mtu aliyeipinga serikali na akabaki na meno yake yote, palikuwa na boma la jeshi katikati kabisa ya mji mkuu. Boma hilo lilijengwa na wageni waliokuja na mizinga kuwafundisha wenyeji upole. Kuta zake zilikuwa nene hata ng'ombe angeweza kulala juu yake akajinyoosha, na kwenye kila pembe ulikaa mzinga ulioelekezwa mjini, maana wageni wale walijua vizuri adui yao anakaa wapi. Walipoondoka, bendera ilibadilishwa, jeshi la taifa likaingia siku ileile vitanda havijapoa, na mizinga haikugeuzwa.

Mji ukakua ukalizunguka Boma. Likaja soko, yakaja makanisa na misikiti, ikaja stendi, ikaja hospitali ya mkoa. Risasi za mazoezi zikawa zinatua kwenye masufuria ya watu. Wananchi wa Ridhaa ni wastaarabu. Hawakulalamika, walihamisha masufuria.

Hatimaye majenerali wakajengewa kambi mpya nje ya mji, yenye bwawa la kuogelea na upepo mzuri. Rais wa nchi, ambaye kwa mujibu wa sheria huitwa Baba Mlezi, akatangaza siku ya Sikukuu ya Amani kwamba Boma linarudishwa kwa wananchi, na kwamba wananchi wenyewe watapanga walifanyie nini. Watu wakamiminika barabarani wakipiga vigelegele. Walinzi waliokuwa juu ya ukuta hawakuwa wameambiwa kwamba hiyo ni furaha. Wakafyatua risasi. Jioni redio ya taifa ilitoa pole kwa familia za wale "waliozidiwa na furaha", ikawasihi wananchi siku nyingine wafurahi wakiwa wamekaa.

Kesho yake ikaundwa Tume ya Matumizi ya Baadaye ya Boma. Mwenyekiti akawa Waziri wa Mambo Yajayo, Mheshimiwa Hamduni Ngwaruka. Jeshi likamtoa Jenerali Sagamba. Na kwa kuwa tume haiwezi kukosa mtu wa kufanya kazi, akateuliwa katibu: Resituta Malogo, afisa mipango miji wa manispaa.

Resituta alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyemaliza ujana wake akichora bustani za watoto ambazo zote ziligeuka vituo vya mafuta. Alichaguliwa kwa sababu katika mikutano yote ya manispaa hakuna aliyekumbuka kumsikia akisema neno. Wakubwa wakadhani hana maoni. Alikuwa nayo, tena mengi, ila yalikuwa yamemkaa kooni.

Aliishi mtaa wa Ukutani, mtaa ulioliegemea Boma kama mtoto aliyelala kwenye mgongo wa mtu asiyempenda. Aliishi na mdogo wake wa kiume, Fausti, seremala. Miaka michache nyuma Fausti alikuwa anapita barabarani na mbao ndefu begani, akaitwa na mtu, akageuka, na ncha ya mbao ikaelekea Boma. Walinzi wakasema ni silaha. Wakamwingiza ndani. Alipotoka, vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeungana vibaya, kila kimoja kikitazama upande wake, na tangu siku hiyo hakuvuka tena kizingiti cha nyumba. Alishinda uani, anaranda vipande vya mbao visivyo na kazi.

Alipopata habari za uteuzi, aliweka randa chini.

"Dada, wakikuita humo usiende."

"Si lao tena, Fausti. Rais kasema."

"Kasema, nimesikia. Na ukuta nao umesikia?"

Resituta akacheka kidogo, akafunga kilemba chake, akaenda.

*

Tume ilifika kwenye lango la Boma asubuhi, imevaa suti. Mlangoni alisimama Sajini Lukwiza, mlinzi wa lango, mtu mpole, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Akapiga saluti mpaka vumbi likaruka.

"Karibuni sana, waheshimiwa," akasema. "Laleni chini."

Waziri Ngwaruka akadhani amesikia vibaya. Sajini akaeleza, kwa adabu zote, kwamba ipo amri. Kapteni wa kigeni aliyejenga Boma aliagiza kwamba kila raia atakayeingia kwa lango hilo apigwe viboko hamsa ishirini ndipo apite, ili ajue ameingia mahali pa namna gani. Kwa taratibu za jeshi, amri hufutwa na aliyeitoa au mrithi wake katika cheo. Kapteni alikufa kwa malaria kabla hajapata nafasi ya kuifuta, na cheo chake kilizikwa naye.

"Lakini Rais amelirudisha Boma kwa wananchi!" Waziri akafoka.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndio maana ninyi wananchi mnaingia."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua, Mheshimiwa. Ndio maana nimetoa kiboko kipya."

Askari wakawashika. Waziri alipigwa wa kwanza kwa kufuata itifaki. Alianza kwa kutaja vyeo vyake, akaendelea kwa kumtaja mama yake, akamalizia kwa sauti zisizo na maneno. Wajumbe wengine wakafuata kwa mpangilio wa mishahara. Jenerali Sagamba, kwa kuwa si raia, alikaa pembeni kwenye kiti cha kukunja akinywa soda.

Resituta akalazwa mwisho. Sakafu ya lango ilikuwa ya mawe yaliyolainika katikati, yamechakaa kwa matumbo ya watu. Aliuma mkono wa gauni lake. Fimbo ya kwanza ilimtoa pumzi. Zilizofuata zilimtoa hata hasira, akabaki na kitu kimoja tu kichwani, kwamba Fausti aliwahi kulala hapa, shavu lake juu ya jiwe hilihili, na alipotoka yeye dada yake alimwambia ajikaze, yatapita. Sajini alikuwa anamwambia kwa upole, "Pole dada, bado kidogo. Usiinue mguu, utaniharibia hesabu nianze upya."

Baada ya hapo tume ililetewa chai, ikanywa wima, na kikao cha kwanza kikafanyika wima.

Waziri Ngwaruka, akijipangusa machozi, alisema wananchi anaowafahamu yeye, hasa mkwe wake, wanataka hapa paote jumba la maduka lenye ngazi zinazotembea zenyewe. Jenerali Sagamba akasema jeshi haliwezi kuondoka moja kwa moja, kwa sababu askari akikaa mbali na raia husahau kazi yake. Pendekezo la jeshi lilikuwa Boma libaki kambi, lakini kwa matumizi ya umma.

"Matumizi ya umma vipi, Jenerali, nalo ni kambi?" akauliza mjumbe mmoja.

"Matumizi ya umma," Jenerali akafafanua, "maana yake ni kuutumia umma."

Hapo ndipo Resituta, mgongo unawaka moto, akaona hana tena kilichobaki cha kuogopa mahali pale. Akafungua mdomo.

"Kinamama wa mji huu wanazaa wawili wawili kitanda kimoja," akasema. "Wengine wanazaa sakafuni, kwenye korido ya hospitali ya mkoa. Hospitali haina pa kupanuka kwa sababu imebanwa na ukuta huu. Tuubomoe ukuta wa upande ule. Uwanja wa gwaride uwe wodi ya wazazi."

Hata askari waliokuwa wanaosha damu langoni waliacha ndoo zao. Kisha Waziri akasema kwa sauti ya kumhurumia mtoto, "Bi. Malogo, hilo ni wazo zuri mno. Tutalitafutia wananchi wa kulikataa."

*

Mambo yangeishia hapo, kama Baba Mlezi hangekuja kukagua.

Baba Mlezi alikuwa mwanajeshi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Lakini wafadhili wa nje walipochoka kupiga picha na mtu mwenye bastola, alivua magwanda mbele ya kamera, akala kiapo kwamba kuanzia siku hiyo ni raia kamili, na akajichagua upya kwa kura nyingi kuliko wapiga kura. Akaja Bomani katika gari refu jeusi. Wakati anashuka langoni, bendi inapiga, wageni wa ubalozi wametabasamu, Sajini Lukwiza akapiga saluti, akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Samahani, Baba. Kwa sasa wewe ni raia au mwanajeshi?"

Mabalozi wakageuka kumtazama. Wapiga picha wakainua kamera. Jasho likamtoka Baba Mlezi. Akisema mwanajeshi, misaada inakatika na mishahara ya majenerali pamoja nayo. Akisema raia, basi.

"Raia," akasema Baba Mlezi.

"Lala chini, Baba."

Walinzi wake walitazamana. Kumzuia sajini kutekeleza amri ya jeshi kulikuwa uasi. Kumwacha nako kulikuwa uasi. Waziri Ngwaruka akaiagiza bendi ipige wimbo wa taifa kwa nguvu, na kwa kuwa wimbo wa taifa unapopigwa kila mtu husimama wima asitikisike, hakuna aliyeweza kusaidia. Sajini Lukwiza alipiga kwa heshima, hakuruka hata moja. Bendi ikarudia ubeti wa pili mara kadhaa.

Baba Mlezi akainuka, suruali imechanika. Resituta, aliyekuwa amesimama karibu, aliona uso wake ukibadilika: kwanza ulikuwa uso wa mtu aliyeumia, kisha wa mtu aliyeaibika, kisha, taratibu, ukawa uso wa kiongozi. Maana Rais hawezi kuwa amepigwa bure.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Leo nimeuonja urithi wetu! Hiki nilichokipata si kipigo. Ni historia! Taifa lisilouhisi wakati uliopita katika makalio yake ni taifa lililolala!"

Makofi yakalipuka. Jioni ile kiboko kikatangazwa kuwa Urithi wa Taifa. Mawaziri wote wakakimbilia langoni, wakisukumana wapigwe, kwa sababu asiye na alama alionekana msaliti. Waziri Ngwaruka alivua shati bungeni kuonyesha kwamba yeye alipigwa kabla hata ya Baba, akagundua katikati ya hotuba kwamba hilo nalo ni kosa, akaomba kupigwa tena. Sajini Lukwiza akapandishwa cheo akiwa hataki. Bega lilikuwa linamuuma.

Na ikaamriwa hivi: Siku ya Maoni ya Wananchi itafanyika Bomani, na kila mwenye maoni ataingia kwa lango.

Serikali ilikuwa na hakika kwamba hatakuja mtu.

*

Walikuja. Hilo ndilo ambalo wazee wa serikali hawajalielewa mpaka leo. Foleni ilianzia langoni ikapita soko, ikapita stendi, ikakunja kona ya hospitali. Watu walikuja na vitambaa vya kuuma. Walilala, wakapigwa, wakainuka, wakaenda kusimama uwanja wa gwaride huku wanachechemea, na macho yao yalikuwa ya watu waliolipia kiingilio na sasa wanataka kuona mchezo.

Mbele kabisa alikuwa Sikudhani, mama lishe aliyekuwa anauza ugali na maharage nje ya hospitali ya mkoa. Kila mtu alimfahamu kwa mkono wake mzuri na mdomo wake mkali. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Alikuja na mama yake mzazi, Bi. Mwamtoro, mwanamke mwembamba aliyemshika kiuno muda wote. Wajawazito walionewa huruma siku ile: walipigwa kwenye nyayo.

Resituta aliwekwa kwenye jukwaa, nyuma ya Waziri na Jenerali, na kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kuita maoni. Uwanjani palichorwa maboksi kwa chokaa: hapa wanaotaka jumba la maduka, hapa wanaotaka kambi, hapa makumbusho, hapa "mengineyo". Wodi ya wazazi iliwekwa kwenye mengineyo.

"Anayetaka kusema aseme," Resituta akatangaza, na sauti yake ikamshtua yeye mwenyewe kwa jinsi ilivyofika mbali.

Sikudhani akapanda kwenye kreti la soda, anakanyaga kwa visigino.

"Mimi mtoto wangu wa kwanza nilimzaa pale," akasema, akinyoosha kidole kuelekea hospitali, juu ya ukuta. "Koridoni. Nesi alikuwa mmoja, sisi tumejaa kama dagaa. Mtu akapita na kitoroli, hakumwona. Hakumwona mwanangu, jamani! Na hapa, upande huu wa ukuta, palikuwa na uwanja mtupu mkubwa hivi, wanaume wanatembea wanageuka, wanatembea wanageuka. Nilikuwa nawasikia. Nasikia viatu vyao huku mimi nalia. Sasa nauliza, hao waliokuwa wanatembea walikuwa wanakwenda wapi?"

Kicheko kikapasuka, kisha kikageuka kilio, na umati mzima ukahama. Watu wakatoka kwenye jumba la maduka, wakatoka makumbusho, hata vijana waliopewa fulana na Jenerali wakatoka kambini wakavua fulana, wote wakaingia kwenye boksi la mengineyo wakasongamana mpaka chokaa ikafutika.

Waziri Ngwaruka akamwinamia Jenerali. "Maoni haya hayana uwiano," akanong'ona.

"Kweli," akasema Jenerali. "Upande mmoja umezidi."

"Sheria ya maoni inasemaje?"

"Yawiane."

Jenerali akainua kidole. Askari waliokuwa wamejipanga ukutani wakashuka na marungu kwenda kupunguza boksi la mengineyo, ili lilingane na mengine. Walipunguza kwa bidii. Resituta alipiga kelele kwenye kipaza sauti waache, waache, mpaka mtu akakata waya. Aliruka kutoka jukwaani, akapigwa bega, akaanguka, akainuka, akasukuma watu. Alimwona Bi. Mwamtoro amemlalia binti yake, mikono imetandazwa kama kuku, na marungu yanamshukia mgongoni. Walimvuta kando. Sikudhani alijaribu kukaa. Askari mmoja, kijana, alimpiga kichwani mara moja, kama mtu anayegonga mlango, kisha akasimama anatazama rungu lake.

Resituta alipofika, Sikudhani alikuwa ameshakufa, macho wazi. Mkono wake ulikuwa bado umelishika tumbo kutoka chini.

Kipaza sauti kilipounganishwa upya, Waziri Ngwaruka aliwashukuru wananchi kwa kujitokeza. Kuhusu ndugu yule aliyezungumza juu ya wodi, akasema, maoni yake yamepokelewa.

*

Fausti alimwona dada yake akiingia uani na gauni lililolowa damu kuanzia kifuani hadi magotini. Akasimama.

"Si yangu," akasema Resituta. Akakaa chini kwenye maranda, akamweleza.

Fausti alikwenda ukutani akaondoa turubai lililofunika mbao nzuri alizozinunua kabla hajakamatwa, mbao za mninga ambazo hakuwahi kupata moyo wa kuzikata. Akaanza kupima.

Bi. Mwamtoro akaletwa na majirani, mgongo wake umevimba hawezi kuegemea kitu. Akauliza mwanawe azikwe wapi, maana makaburi ya mji yalifungwa tangu mkwe wa Waziri alipoanza kujenga sehemu iliyokuwa bado haijazikwa mtu.

Ndipo Resituta akamwambia jambo ambalo kila afisa mipango wa Ridhaa anafundishwa mwaka wa kwanza. Sheria ya Ardhi ya nchi ile ilitungwa na waheshimiwa waliokuwa wanaogopa sana mizimu. Inasema kwamba palipozikwa mtu hapauzwi, hapajengwi, hapakanyagwi kwa gwaride, na hata Rais akitaka hapahamishwi. Serikali ilikuwa imevunja kila sheria katika kitabu kile, isipokuwa hiyo, kwa hofu.

"Nikisema twende naye kule," akasema, "watatupiga. Huenda wakafanya na zaidi. Siwezi kukudanganya, mama."

Bi. Mwamtoro alifikiri. "Alitaka apate nafasi ya kulala mle ndani," akasema. "Basi akalale."

Siku iliyofuata, jua la saa za mchana, wanawake wa soko wakabeba jeneza. Upande wa mbele kulia alishika Resituta, na kushoto alishika Fausti, ambaye majirani walimtazama kama mtu aliyerudi kutoka ng'ambo. Kwenye kizingiti cha nyumba alikuwa amesita, akatazama chini, akavuka.

Langoni alisimama Lukwiza, ambaye watu waliendelea kumwita Sajini, na wasaidizi wake. Aliliona jeneza.

"Laleni chini," akasema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Hatuwezi kulala," akasema Resituta. "Tumebeba mtu."

"Dada, ni amri."

"Basi tupige tukienda."

Amri haikusema chochote kuhusu mtu anayekataa kulala. Sajini akainua kiboko. Akampiga Fausti wa kwanza, kwa kuwa alikuwa mwanamume, mgongoni, tena, tena, na shati likafunguka. Fausti alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana kwa sauti ambayo Resituta aliisikia kutoka upande wa pili wa jeneza. Lakini alitembea. Wanawake nyuma yake walipigwa shingoni na mikononi, mmoja alianguka, mwingine akashika nafasi yake kabla jeneza halijainama. Kufika katikati ya uwanja wa gwaride Sajini alikuwa ameishiwa nguvu. Alisimama anahema, kiboko kinaning'inia, akavua kofia mbele ya jeneza, na kwa kosa hilo la mavazi akakamatwa palepale na wasaidizi wake.

Walimzika Sikudhani na mtoto wake tumboni. Fausti alikuwa amepiga magoti anasawazisha udongo kwa mkono wake mbovu pale Jenerali Sagamba alipofika mbio, ameambiwa ni nini kinafanyika. Alijua sheria ile. Uso ulimwiva.

"Fukueni!" akaamuru. Hakuna askari aliyegusa koleo. Nao walikuwa wanaogopa mizimu.

"Basi pigeni!"

Hilo waliliweza. Risasi ya kwanza ilimpata Fausti. Aliinamia kaburi polepole, kama mtu anayetaka kusikiliza jambo, na hakuinuka. Wengine walianguka karibu yake. Waliobaki hawakukimbia, walichukua makoleo, wakaanza kuwachimbia walioanguka mahali walipoanguka. Jenerali akaona makaburi yanaongezeka, akakasirika, akaamuru wapigwe wanaochimba, na hao nao wakahitaji makaburi. Kesho yake ndugu wa marehemu walikuja kuomboleza, wakapigwa risasi kwa kuomboleza bila kibali, wakazikwa. Wiki ile kikosi kiliamriwa kufanya gwaride kuonyesha kwamba uwanja bado ni wa jeshi. Kulia geuka, mstari wa mbele ukatumbukia kwenye makaburi yaliyokuwa bado wazi.

Siku ya mwisho Jenerali Sagamba alipanda mwenyewe kwenye pembe ya ukuta, akawaamuru askari waugeuze mzinga wa kale utazame ndani, uwafagie waombolezaji mara moja. Mzinga ulikuwa haujafyatuliwa tangu enzi za Kapteni. Uliwashwa, ukafikiri kidogo, ukapasuka. Jenerali alishuka uwanjani kwa vipande. Kwa hofu ileile ya mizimu ilibidi azikwe alipoangukia, yaani sehemu kadhaa, na makaburi yake yakamaliza nafasi yote iliyokuwa imebaki.

*

Tume ikakutana mara ya mwisho. Waziri Ngwaruka akamshukuru Resituta kwa utumishi wake, akamfukuza kazi, kisha akaitisha waandishi wa habari.

"Serikali imetimiza ahadi," akasema. "Boma limerudishwa kwa wananchi. Wananchi wengi wamekwisha kuhamia, tena kwa makazi ya kudumu, na mpaka hivi sasa hatujapokea lalamiko hata moja."

Jeshi likaondoka kwenda kwenye bwawa lake. Lango likaondolewa bawaba kwa sababu hapakuwa na wa kulilinda. Watu wakaanza kuingia na kutoka, mwanzoni wakikaza makalio bila kujua, baadaye wakisahau.

Resituta alikwenda kila alasiri. Alikuwa amezoea kumkuta Bi. Mwamtoro ameshafika, anang'oa majani kwenye kaburi la binti yake, kisha, bila kuulizwa, anang'oa na kwenye kaburi la Fausti. Hawakuongea sana. Ng'ambo ya ukuta zilisikika sauti za hospitali, vitoroli, na wakati mwingine mwanamke aliyekuwa anapiga kelele kwa uchungu huko koridoni, nao wakaacha kung'oa mpaka amalize.

Siku moja Bi. Mwamtoro akanyoosha mgongo, akauliza, "Ile wodi, ingekaa wapi?"

Resituta akasimama, akapangusa mikono. Akamwonyesha. Vitanda vingeanzia pale kwenye makaburi ya mwanzo mpaka kule chini ya ukuta, kila mtu na chake. Madirisha yangekuwa upande huu, yapokee upepo. Kule chumba cha manesi, pale maji ya moto.

"Na hapa uliposimama, mama," akasema, "ndipo ungekuwa mlango."

Bi. Mwamtoro akatazama chini ya miguu yake. Kisha akasogea pembeni kidogo, akakusanya khanga yake, kama mtu anayempisha mwingine apite.